Maswali ya Wasomaji: Sanamu za Barafu katika Mtaa wa Maduka wa Harbin

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi yenye picha za Zhongyang Dajie, mtaa mkuu wa maduka katika mji wa Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, ambako sanamu za barafu na theluji husimamishwa kila majira ya baridi na kuondolewa baridi inapoanza kulegea. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Tumechagua sita, tukazifupisha bila kugusa maana yake, na tumezijibu kwa urefu tofauti kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

*Mhariri, mwanangu anasoma uhandisi Harbin. Mapema mwaka 2024 alinitumia picha akiwa amesimama mbele ya sanamu ya joka katika mtaa huo mliouandika. Mwaka uliofuata akanitumia picha nyingine, akasema ni mahali pale pale, lakini joka halikuwepo tena. Palikuwa na simbamarara wawili wenye nyuso za furaha. Je, sanamu zile huhamishiwa wapi? Na kwa nini wahame na kitu kizuri kama kile baada ya mwaka mmoja tu? – Mama wa mwanafunzi, Morogoro*

Mama, joka lile halikuhamishiwa popote. Lilivunjwa, likayeyuka, likawa maji. Hivyo ndivyo zinavyoishia karibu sanamu zote zinazosimamishwa katika mtaa ule wakati wa baridi, na hakuna mchongaji anayeanza kazi bila kulijua hilo.

Mabadiliko uliyoyaona katika picha za mwanao yana sababu iliyo wazi. Mwaka wa Kichina ulioanza tarehe 10 Februari 2024 ulikuwa mwaka wa joka, kwa hiyo majoka yalitawala mapambo ya mji mzima. Mwaka 2025 ungetarajia kuona nyoka, kwa kuwa ndiye aliyefuata katika mzunguko wa wanyama 12, lakini Harbin ilikuwa na jambo jingine kubwa: kuanzia tarehe 7 hadi 14 Februari iliandaa Michezo ya Tisa ya Majira ya Baridi ya Asia, na vikaragosi vya michezo hiyo vilikuwa simbamarara wawili, Binbin na Nini. Mwanao, bila shaka, alisimama mbele yao.

Mtaa wenyewe una historia inayostahili kujulikana. Ulianza mwaka 1898, wakati Warusi walipokuwa wakijenga Reli ya Mashariki ya China na Harbin ikageuka kutoka vijiji vya wavuvi kuwa mji wa reli. Una urefu wa mita 1,450, na tangu mwaka 1924 umetandikwa mawe ya matale yaliyochongwa na kusimamishwa wima, upande mwembamba ukiwa juu, ndiyo maana hadi leo hayajang'oka licha ya nyayo nyingi zinazopita. Mwaka 1997 magari yalipigwa marufuku na mtaa ukaachiwa waenda kwa miguu. Pande zote mbili kuna majengo ya mitindo ya Ulaya, na mwanao akipita mbele ya duka kubwa la vitabu ambalo zamani lilikuwa jengo la kampuni ya Kijapani ya Matsuura, amwangalie jitu la kiume na mwenzake wa kike waliochongwa juu ya lango, wakiubeba ukuta kwa mabega. Hao hawabadilishwi. Wapo mwaka mzima, na wakati wa baridi huwatazama wageni wa barafu wakija na kuondoka.

Upande wa kaskazini mtaa unaishia kwenye Mto Songhua, na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Wastani wa baridi ya Januari mjini humo ni kama nyuzi 17 au 18 za sentigredi chini ya sifuri, na usiku hushuka hadi 25 au hata 30 chini ya sifuri. Mto huganda kiasi cha kubeba malori. Barafu ya sanamu hukatwa mtoni humo humo, haitoki mbali na haigharimu kuagizwa, na kila mwaka mto huitengeneza upya. Wavuvi na wasafiri wa sehemu zile walikuwa na desturi ya kutengeneza taa za barafu: unajaza ndoo maji, unaiacha nje mpaka ukuta wa pembeni ugande, unamwaga maji ya katikati, kisha unaweka mshumaa ndani, na upepo hauuzimi. Mwaka 1963 mji uliikusanya desturi hiyo katika onyesho la kwanza la taa za barafu, kwenye Bustani ya Zhaolin, ambayo haiko mbali na mtaa huo wa maduka. Onyesho lilisimama katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, likarudi mwaka 1979, na tarehe 5 Januari 1985 likawa tamasha rasmi la barafu na theluji ambalo hufunguliwa tarehe hiyo hiyo kila mwaka. Sanamu anazozipiga picha mwanao ni watoto wa taa zile za ndoo.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mchongaji, ninafanyia kazi zangu Mwenge, Dar es Salaam, na mti wangu ni mpingo. Niliangalia picha zenu kwa muda mrefu. Ninaomba nijue wenzetu hawa hutumia zana gani, vipande vikubwa namna ile huunganishwa kwa kitu gani, na mtu akikosea hufanya nini. Sisi tumefundishwa kwamba mti ukishaondoa haurudishi. – Mchongaji, Dar es Salaam*

Barua yako, fundi, ndiyo iliyotufurahisha kuliko zote, na nitaijibu kwa kirefu.

Kazi huanzia mtoni. Desemba, barafu ikishafikia unene unaotosha, wakataji husafisha theluji iliyo juu yake, huchora mistari, kisha mashine yenye msumeno wa duara hupita juu ya mistari hiyo ikikata mfereji unaokaribia kufika majini lakini usiofika. Ubakizaji huo ni wa makusudi, kwa maana ukikata mpaka mwisho maji hupanda na kugandisha tena ulichokwisha kukitenganisha. Baada ya hapo watu hupanga mstari wakiwa na mitaimbo, wanaipigilia mferejini kwa pamoja, na bonge zima hupasuka kwa mstari ulionyooka. Vipande vya mstatili, kila kimoja kikiwa na uzito wa mamia ya kilo, huelea. Huburutwa majini kwa kulabu ndefu hadi kwenye ngazi ya mteremko, hupandishwa na kupakiwa kwenye malori. Wewe unayefanya kazi na mpingo, ambao ukiutia majini huzama, utaona tofauti mara moja: mita moja ya ujazo ya barafu ina kilo zipatazo 917, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo yanayosaidia kuibeba.

Ujenzi wa bonge la kuchonga hufuata taratibu ambazo mwashi yeyote angezitambua. Uso wa kipande cha chini husawazishwa kwa zana ya kukwangua, hupimwa kwa pimamaji, kipande cha juu huwekwa, na katikati humiminwa maji. Maji ndiyo gundi, na katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hayachukui muda kushika. Viungo vya safu moja havipaswi kukutana na viungo vya safu iliyo juu yake. Katika majumba makubwa ya barafu, yale yanayojengwa kwenye viwanja vya maonyesho, kuta za nje ni za barafu safi ya mto na ndani hujazwa barafu iliyovunjwa na kumwagiwa maji mpaka igande ikawa kitu kimoja. Watu hupita chini ya kazi hizi na watoto huzipanda, kwa hiyo uimara wake hauachiwi ujasiri wa fundi peke yake: China ina kiwango cha taifa cha ujenzi wa barafu na theluji, kilichotolewa mwaka 2016, kinachoeleza hesabu zake kama zinavyoelezwa hesabu za saruji na nondo.

Sasa zana. Umbo la kwanza hutolewa kwa msumeno wa injini, na kazi hutoka juu kuteremka chini, ili vipande vinavyoanguka visiharibu kilichokwisha kumalizika. Baada ya hapo ni patasi. Patasi ya barafu ni pana, ina mpini mrefu, na makali yake ni makali kweli, lakini mara nyingi haipigwi kwa nyundo wala tezo haihitajiki. Fundi huisukuma kwa mikono na bega, na barafu hutoka kwa tabaka jembamba. Pigo la nyundo huleta hatari, hasa usiku baridi ikizidi, kwa sababu barafu iliyo baridi mno ni ngumu lakini ni tete, na ufa mmoja unaweza kukimbia kutoka bawa la ndege hadi shingoni. Barafu ya mto ina hata nyuzi zake, kama unavyojua nyuzi za mti: fuwele zake hukua zikishuka kutoka juu ya maji kuelekea chini, na fundi mzoefu hukiangalia kipande na kuamua kikae upande gani kabla hajakigusa. Umaliziaji hufanywa kwa brashi, kwa maji, na wakati mwingine kwa moto mdogo wa gesi unaopitishwa haraka juu ya uso ili mikwaruzo ya patasi ipotee na barafu ing'ae.

Kuhusu kukosea, hapa ndipo kazi yao inapoachana na yako. Mchonga barafu akivunja pua, hukata sehemu hiyo ikawa bapa, huweka kipande kipya, humimina maji, husubiri na kuanza upya. Barafu hurudishika. Lakini usiichukulie kuwa ni kazi rahisi kwa ajili ya hilo, kwa sababu kila anachokichonga kinaonekana kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: mgongo wa sanamu huonekana kupitia kifua chake, taa ikiwashwa kila mkwaruzo wa ndani hujitangaza, na fundi hulazimika kufikiri juu ya mwanga kabla ya umbo. Kwa theluji mambo hugeuka. Theluji hujazwa ndani ya kasha kubwa la mbao, hukanyagwa na kushindiliwa mpaka iwe ngumu, mbao huondolewa, na bonge jeupe huchongwa kwa msumeno, sepetu na visu. Theluji haipitishi mwanga, hivyo mchongaji hutegemea kivuli na huchimba kwa kina zaidi. Ningependa sana kuona mtu aliyelelewa na mpingo akipewa bonge la theluji. Nadhani mkono wake ungelielewa haraka.

*Shikamoo Mhariri. Nina maswali mawili. Barafu ya friji yetu nyumbani ni nyeupe katikati, lakini ya kwenye picha zenu unaona upande wa pili kama kioo. Kwa nini? Pili, ndani ya sanamu kuna taa, mbona haziyeyuki? – Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Maji yana hewa iliyoyeyuka ndani yake. Maji ya friji huganda kutoka pande zote kuelekea katikati, hewa husukumwa ndani ikakosa pa kutokea, na weupe unaouona ni mapovu madogo mno. Mto huganda kutoka juu tu, polepole, na maji yanayotiririka chini hubeba hewa hiyo na kwenda nayo. Unaweza kujaribu mwenyewe: weka maji katika chombo kilichofunikwa kwa kizuia joto pande zote na chini, ukiache wazi upande wa juu peke yake, kisha utazame sehemu ya juu ya barafu utakayoipata.

Kuhusu taa, zamani ilikuwa mishumaa na baadaye taa za mirija, ambazo zilikuwa na joto la kutosha kuleta shida. Siku hizi hutumiwa taa za LED, ambazo joto lake ni dogo sana ukilinganisha na baridi iliyo nje. Adui mkubwa wa sanamu ni jua na upepo. Harbin iko karibu na latitudo ya nyuzi 45 kaskazini, na kwa hiyo wakati wa baridi jua hupita upande wa kusini, chini chini, na uso wa sanamu unaotazama kusini huchakaa kwanza. Hata siku ambazo joto halipandi juu ya sifuri kabisa, barafu hupungua, kwa kuwa inaweza kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Ndiyo maana kucha za joka zilizokuwa kali mwanzoni mwa Januari huwa butu mwishoni mwa mwezi.

*Ninauza nguo Nairobi. Napenda sanaa, lakini najiuliza: nani analipa gharama hizi zote kila mwaka, na wenye maduka wanafaidika nini na kitu kitakachoyeyuka? – Mfanyabiashara, Nairobi*

Gharama hubebwa kwa sehemu na mamlaka za mji na kwa sehemu na kampuni zinazodhamini, na ndiyo maana si ajabu kuona katika maonyesho ya Harbin chapa ya bia au ya kampuni nyingine ikiwa imechongwa kwenye barafu. Mimi sipendi barafu inayobeba tangazo, na ninaamini mji wenye mafundi wa kiwango kile unaweza kuwaambia wadhamini waandike majina yao kwenye kibao cha pembeni.

Faida ni ya kweli. Katika siku tatu za mapumziko ya mwaka mpya wa 2024, mji huo ulitangaza kwamba ulipokea wageni zaidi ya milioni 3 na mapato ya utalii ya yuan zipatazo bilioni 5.9. Wageni walikuwa wengi kiasi kwamba mji ulitandika mazulia katika njia ya chini kwa chini iliyopo Zhongyang Dajie ili watu wa kusini, wasiozoea kutembea juu ya utelezi, wasianguke. Wageni hao hununua kofia, glavu, soseji za mtindo wa Kirusi, na aiskrimu ya kijiti ya Madie'er, ambayo huliwa barabarani katika baridi hiyo hiyo, tena kwa foleni.

Lakini swali lako la kibiashara lina upande mwingine. Huko Chengdu, kusini-magharibi mwa China, jengo la maduka la IFS liliweka mwaka 2014 sanamu ya panda yenye urefu wa mita 15 ikiupanda ukuta, kazi ya Lawrence Argent, na ukiwa mtaani unachokiona ni makalio yake tu, kichwa kikiwa kimeshafika juu ya paa. Haibadilishwi, na biashara yake inategemea kutobadilika, kwa kuwa kila mgeni anataka picha ile ile ambayo rafiki yake anayo. Harbin hufanya biashara kwa njia iliyo kinyume: aliyekuja mwaka jana ana sababu ya kurudi mwaka huu, maana alichokiona hakipo tena. Ukiniuliza ipi ni bora kwa mwenye duka, ningesema ya Chengdu ni nafuu zaidi. Kwa anayependa uchongaji, ya Harbin inawapa mafundi kazi kila mwaka, na hilo kwangu lina uzito kuliko picha.

*Ndugu Mhariri, nilifundisha historia kwa miaka mingi. Makala yenu ilinihuzunisha. Sanamu ni kumbukumbu. Huwekwa ili wajukuu waulize na wajibiwe. Mji unaovunja sanamu zake kila mwaka unawafundisha vijana wake nini? Mimi naona ni upotevu wa nguvu na wa fedha. Sanamu ya Askari ipo Dar es Salaam tangu 1927, na bado inafundisha. – Mwalimu mstaafu, Zanzibar*

Shikamoo Mwalimu. Hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu, ingawa tutatofautiana mahali.

Tunakubaliana kwamba yapo mambo yanayotaka jiwe au shaba. Harbin inalijua hilo pia. Mwisho wa mtaa ule wa maduka, kando ya mto, umesimama Mnara wa Ushindi dhidi ya Mafuriko, uliojengwa mwaka 1958 baada ya wakazi kuulinda mji na mafuriko makubwa ya mwaka 1957. Juu yake kuna sanamu za watu waliopigana na maji, na chini yake kuna madimbwi mawili yaliyojengwa kwa ngazi: la chini linaonyesha kimo ambacho mto ulifika mwaka 1932, wakati mji ulipozama, na la juu linaonyesha kimo cha 1957, wakati haukuzama ingawa maji yalipanda zaidi. Baadaye iliongezwa alama ya mafuriko ya mwaka 1998, yaliyopita yote mawili. Hakuna mtu Harbin aliyewahi kupendekeza kumbukumbu hiyo ichongwe kwa barafu. Mtoto anayetoka kutazama joka la mwaka huu hutembea hadi pale, akamkuta babu yake akionyesha kwa kidole maji yalipofika.

Kwa hiyo mtaa mmoja una sanamu za aina mbili, na kila moja ina kazi yake. Joka la mwaka 2024 halikuwa kumbukumbu ya chochote. Lilikuwa salamu ya mwaka mpya, na salamu haina haja ya kudumu miaka mia. Nisichokubaliana nacho ni dhana kwamba kudumu peke yake ni heshima. Mji wa Jingzhou, katika jimbo la Hubei, ulikamilisha mwaka 2016 sanamu ya shaba ya jemadari Guan Yu yenye kimo cha mita zaidi ya 57, pamoja na jukwaa lake. Mwaka 2020 wizara inayohusika na makazi na miji ililaumu hadharani kwamba imeharibu sura ya mji wa kale, na sanamu ikabidi ivunjwe vipande na kuhamishwa, kwa gharama iliyoripotiwa kuwa yuan milioni 155, karibu sawa na gharama ya kuijenga. Mwaka huo huo wizara ilitoa agizo la kudhibiti vikali sanamu za mijini zenye urefu wa zaidi ya mita 10. Ukiniambia upotevu, Mwalimu, mimi naona upotevu pale. Sanamu ya barafu ikiwa mbaya, kosa lake huisha mwezi Machi. Nakiri kwamba umeme, malori na vibarua wa Harbin navyo hulipwa, na si kidogo, lakini mji haukopi uvumilivu wa kizazi kijacho.

Umetaja Askari wa Dar es Salaam, nami ninashukuru, kwa sababu unajua vizuri kwamba kabla ya 1927 Wajerumani walikuwa wamesimamisha katika mji huo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao wa kikoloni, ambayo Waingereza waliing'oa mwaka 1916 walipouteka. Ilipelekwa Uingereza, kisha ikafika Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wakaiangusha. Shaba nayo hubadilishwa, lakini hubadilishwa kwa vita, kwa amri na kwa kamba shingoni. Sisemi kwamba ilikosewa kuiangusha. Wissmann hakustahili kusimama kokote. Ninasema tu kwamba kudumu kwa sanamu kunategemea nani ana nguvu, na katika mtaa ule wa Harbin hakuna anayegombana na msimu.

Pale ambapo huzuni yako ina haki kabisa ni kwa wachongaji. Kazi ya mikono yao ikiisha, hubaki picha za wapita njia, na majina yao hayamo katika picha hizo. Ningependa kila sanamu ya mtaani iwe na kibao chenye jina la aliyeichonga, hata kama kibao chenyewe ni cha barafu, na ningependa michoro yake ihifadhiwe katika jumba la makumbusho la mji, ambako mwalimu wa historia wa miaka 50 ijayo angeweza kuifungua na kuona watu wa Harbin walichagua kuchonga nini mwaka gani, na akaeleza kwa nini.

*Mimi na mke wangu tunaishi Muscat na tunakusudia kwenda kuziona. Twende mwezi gani, na tujiandae vipi? – Msomaji, Oman*

Januari ndiyo mwezi wenyewe. Sanamu nyingi huwa zimekamilika kufikia ufunguzi wa tarehe 5, na kingo zake bado ni kali. Desemba mtawakuta wakataji wa barafu mtoni na mafundi wakiwa juu ya majukwaa, jambo ambalo binafsi ningelipenda kuliko ufunguzi wenyewe, ila mtaa utakuwa haujajaa. Mwishoni mwa Februari huwa mmechelewa, kwa sababu sanamu zilizolegea huvunjwa mapema ili zisimwangukie mtu, na mto wenyewe hufunguka mwezi Aprili. Epukeni wiki ya mwaka mpya wa Kichina kama hampendi msongamano.

Nendeni mtaani mara mbili kwa siku moja: mchana kabla ya saa tisa, kwa kuwa jua huzama karibu na saa kumi jioni na mwanga wake wa chini huonyesha kazi ya patasi, na tena usiku taa zikishawashwa. Vaeni nguo kwa tabaka, si koti moja zito, kwani maduka yana joto sana ndani na mtakuwa mkivua na kuvaa. Viatu viwe na soli nene yenye meno, maana mawe ya matale yakipata barafu huteleza. Simu iwekeni mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi ile huishusha betri ghafla hata ikiwa mmeichaji hotelini muda mfupi kabla ya kutoka, na chukueni glavu nyembamba za kuvaa chini ya zile nene ili vidole visibaki wazi mnapopiga picha.